Triathloni Ndefu Baada ya Miaka 50: Mazoezi Yasiyokatika na Mwendo wa Siku ya Mashindano

Jumamosi moja alfajiri, pale Mwenge, vijana wa baiskeli walinisalimia "Shikamoo mzee", nikaitika "Marahaba", tukaanza safari ya Bagamoyo. Tulipopita Bunju wakaongeza mwendo. Badala ya kuwaacha waende zao nikawafuata, na niliwashika hadi Mapinga. Kesho yake nikatoka kukimbia kilomita 18 kama ratiba ilivyosema. Kwenye kilomita ya 14 msuli wa kigimbi cha mguu wa kushoto ukachanika. Nilikuwa na miaka 56, na nusu saa ile ya ubishi barabarani ilinilia wiki sita za mazoezi.

Tangu hapo kila zoezi nalipima kwa swali moja: kesho litaniachia nini? Kijana akizidisha leo, Jumatatu anaamka na uchovu, Jumanne amepona. Sisi tukizidisha, msuli unadai siku tatu, mshipa unaofunga msuli kwenye mfupa unadai mwezi. Kinachotukwamisha wengi ni mapengo: wiki mbili za kishujaa, tatu za kuuguza goti, kisha kuanza upya kutoka chini. Mwongozo huu ni wa kuziba mapengo hayo, na kupeleka hekima ileile siku ya mashindano.

Kwa asiyeujua mchezo: umbali kamili ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia kilomita 42.2, mfululizo, siku moja. Umbali huu ulianzia kisiwa cha Oahu, Hawaii, mwaka 1978. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Nusu yake ni kilomita 1.9, 90 na 21.1. Mwaka 2022 mashindano ya nusu yalifika Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu. Ndugu zetu wa Oman wameyapata Muscat na Salalah. Umbali kamili barani kwetu uko Gqeberha, Afrika Kusini. Ushauri wangu ni kumaliza nusu kwanza, ukae na mwili wako mwaka mmoja, ndipo ufikirie kamili.

Hatua ya 1: Moyo kabla ya viatu

Nenda hospitali kabla hujaandika ratiba. Pima presha, sukari, wingi wa damu, mafuta kwenye damu na umeme wa moyo, na ikiwezekana moyo upimwe ukiwa unatembea kwenye mashine. Hili usilifanye kwa kutimiza wajibu tu. Uchunguzi uliofanywa Marekani ulikusanya matukio 135 ya vifo na mioyo kusimama katika triathloni za mwaka 1985 hadi 2016. Theluthi mbili yalitokea majini, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wanaume wa miaka 60 na kuendelea. Kifua kikibana, moyo ukidunda bila mpangilio, au kizunguzungu kikikujia katikati ya zoezi, simama hapohapo, na wiki hiyohiyo umwone daktari.

Kama unameza dawa za presha, uliza zinafanyaje kazi. Dawa kama atenolol hupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo namba za saa ya mkononi zitakudanganya. Zile za kukojosha hupunguza maji na chumvi mwilini, na ukiwa juani kwa muda wa saa nane hilo ni jambo kubwa. Daktari ndiye wa kupanga dozi na muda wa kumeza. Usizikatishe mwenyewe kwa ajili ya mashindano.

Hatua ya 2: Tafuta wiki yako ya chini

Watu huanza kwa kuuliza wiki yao kubwa iwe na saa ngapi. Anza upande wa pili. Chukua daftari, uandike mazoezi uliyoyafanya kweli miezi mitatu iliyopita, yale uliyokusudia uyaache. Kisha tafuta kiasi ambacho ungekitimiza hata kama kuna msiba nyumbani, mvua za masika zimefunga barabara, na mjukuu anaumwa. Hiyo ndiyo wiki yako ya chini.

Yangu ni ya saa tano hivi: kuogelea mara mbili, dakika 40 kila mara, baiskeli mara mbili, moja ya dakika 45 na nyingine ya saa moja na nusu, kukimbia mara mbili, nusu saa kila mara, na dakika 25 za mazoezi ya nguvu. Ukiitazama unaona ni kidogo. Ukiifanya wiki 45 kati ya 52 za mwaka, utashangaa mwili unavyojijenga juu yake.

Wiki hiyo ikishakaa, ongeza kidogokidogo. Kwa umbali kamili nilifika saa 11 au 12 katika wiki kubwa, nazo zilikuwa wiki nne tu kwa mwaka mzima. Ratiba za vijana hupanda wiki tatu na kushuka moja. Mimi napanda mbili, nashuka ya tatu. Aliyestaafu anaweza kwenda mbali zaidi na kuachana na wiki ya siku saba. Mzunguko wa siku kumi unatosha kupanga mazoezi makali mawili, safari moja ndefu ya baiskeli na mbio ndefu moja, kila kimoja kikiwa na siku mbili tatu za wepesi pembeni yake. Kalenda ya ofisi haikutungwa kwa ajili ya misuli ya mtu wa miaka 60.

Hatua ya 3: Wepesi uwe wepesi kweli

Sehemu kubwa ya mazoezi yako, kama nne kwa tano, iwe nyepesi kiasi cha kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukitaka namba, zidisha umri wako kwa 0.7, uitoe kwenye 208, upate makadirio ya mapigo yako ya juu. Mtu wa miaka 60 anapata 166. Mwendo mwepesi ni asilimia 65 hadi 75 ya hapo, yaani mapigo 108 hadi 125 kwa dakika. Haya ni makadirio tu. Wapo wanaoachana nayo kwa mapigo kumi juu au chini, kwa hiyo namba ikigombana na pumzi, isikilize pumzi.

Mwanzoni utaona aibu. Kwenye kilima utalazimika kutembea ili mapigo yasipande, na mama anayekwenda sokoni atakupita. Vumilia. Baada ya miezi mitatu utakipanda kilima kilekile ukikimbia, kwa mapigo yaleyale.

Ukali nao usiuache kabisa. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka kadiri umri unavyokwenda, na hushuka haraka zaidi kwa anayefanya mepesi peke yake. Mara moja kwa wiki, au mara mbili katika siku kumi, fanya vipande vifupi vikali, mfano dakika tatu mara tano. Vifanye kwenye baiskeli au majini. Kukimbia kwa kasi kubwa ndiko kunakochana vigimbi vyetu.

Hatua ya 4: Kila mchezo na tabia yake

Kuogelea ni ufundi kuliko nguvu, na ufundi hauna umri. Natalie Grabow wa Marekani alijifunza kuogelea akiwa na miaka 59. Mwaka 2025, akiwa na 80, alimaliza mashindano ya dunia ya Hawaii ndani ya muda. Tafuta mwalimu kwa miezi miwili ya mwanzo, maana makosa unayoyarudia peke yako yanakuwa mazoea. Ukihamia baharini, fuatilia maji. Siku za bamvua maji hukupwa mbali sana, nayo mikondo huvuta kwa nguvu. Siku za maji mafu bahari ni rafiki wa anayejifunza. Kusi likivuma, nenda alfajiri kabla upepo haujaamka. Usiogelee peke yako, vuta boya la rangi kali, na jizoeze kuinua macho kila baada ya mikono sita au minane ili usipotee njia.

Baiskeli ndiyo inayotuvumilia zaidi, kwa kuwa haigongi viungo. Hapo ndipo pa kujengea stamina. Panda kutoka kilomita 60 hadi 140 au 150 kwa muda wa miezi. Kufika 180 mazoezini si lazima. Barabara zetu ni hatari: toka saa kumi na moja alfajiri, uwe na taa mbele na nyuma, urudi kabla daladala hazijajaa. Mwenye uwezo anunue stendi ya kufungia baiskeli nyumbani. Saa moja sebuleni ina faida kubwa kuliko saa tatu ulizozikosa kwa mvua.

Kukimbia kunahitaji adabu. Kimbia mara nyingi kidogo: mara nne za dakika 35 zinakujenga bila kukuvunja, kuliko mara mbili za saa moja na robo. Mbio ndefu kabisa isizidi saa mbili na nusu. Na anza leo kuchanganya mbio na kutembea, dakika nne kwa moja, hata kama huhisi kuchoka. Wengi huona kutembea ni kushindwa, kwa hiyo wanatembea wakiwa wameshakwisha. Kutembea kulikopangwa kunalinda vigimbi, kunashusha mapigo, na kunakupa nafasi ya kumeza chakula.

Hatua ya 5: Siku zinapokatika

Hapa naomba usome taratibu, maana hapa ndipo watu wa umri wetu wanapopotelea.

Siku zitakatika. Sisi ndio wazee wa familia: msiba ukitokea Moshi au Tanga, hatutumi pole kwa simu, tunasafiri na kukaa matanga. Kuna harusi, vikao vya harusi, na wagonjwa wa kulazwa. Kanuni ya kwanza: zoezi lililopita limepita, halilipwi. Ukikosa safari ya Jumamosi, usiibandike kwenye mbio za Jumapili. Karibu kila jeraha nililolisikia kwenye kundi letu lilitokana na mtu kulipa deni la mazoezi.

Kanuni ya pili: ukiwa safarini, shika uzi hata kama ni mwembamba. Dakika 20 za kutembea haraka kabla watu hawajaamka, kuinuka na kukaa kwenye kiti mara 30, kunyoosha viungo. Havitakuongezea uwezo, lakini vinakuzuia usiwe mgeni wa mwili wako utakaporudi.

Kanuni ya tatu ni ya kurudi. Siku tatu zikikatika, endelea na ratiba ilipo. Wiki moja ikikatika, fanya wiki moja ya chini kisha uendelee. Wiki mbili au zaidi, rudi kwenye wiki ya chini na ukae hapo muda uleule uliokosa, hata kama mashindano yanakaribia. Ikibidi, badilisha mashindano.

Mafua ya puani hayazuii kutembea au baiskeli nyepesi. Homa, kikohozi cha kifuani, malaria au tumbo la kuendesha vinazuia kila kitu. Pima mapigo ya moyo kila asubuhi kabla hujatoka kitandani. Yakiwa juu ya kawaida yako kwa saba au zaidi, siku hiyo pumzika au tembea tu.

Kwa tunaofunga, Ramadhani ina utaratibu wake. Mimi hufanya dakika 30 hadi 40 nyepesi kabla ya futari, ili maji na chakula viwe karibu, na mazoezi ya nguvu baada ya tarawehe. Safari ndefu naziacha. Mwezi ule unashusha kasi kidogo, nayo inarudi ndani ya wiki tatu kama hukukata uzi.

Hatua ya 6: Nguvu, sahani na usingizi

Baada ya miaka 50 misuli inayeyuka yenyewe usipoidai. Mara mbili kwa wiki, dakika 25: kuchuchumaa na uzito, kupanda ngazi au kiboksi, kuinua visigino taratibu, kupiga pushapu, na kuvuta mpira au ndoo ya maji kuelekea kifuani. Kisigino usikiruke, ndicho kinachokinga kigimbi na mshipa wa nyuma yake.

Mwili uliozeeka unahitaji protini zaidi ili ujenge kilekile. Lenga gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, uzigawe kwenye milo yote. Chai na maandazi asubuhi havitoshi. Ongeza mayai, maharage, dagaa au maziwa. Mwenye figo zenye shida aongee na daktari kwanza. Usingizi, hasa wa mchana kwa aliyestaafu, ni sehemu ya ratiba.

Hatua ya 7: Bajeti ya mwendo

Mashindano mengi ya umbali kamili hufungwa baada ya saa 17 tangu kuanza, ukitakiwa uwe umetoka majini ndani ya saa 2 na dakika 20, na umemaliza baiskeli ndani ya saa 10 na nusu. Soma kanuni za mashindano yako, kisha kaa na karatasi.

Tuseme una miaka 60. Kuogelea saa 1 na dakika 50, sawa na kama dakika 2 na sekunde 54 kwa kila mita 100. Kubadilisha nguo, dakika 12. Baiskeli kwa kilomita 24 kwa saa, saa 7 na nusu. Kubadilisha tena, dakika 10. Umefika kwenye mbio ukiwa na saa 9 na dakika 42. Ukienda dakika 8 na nusu kwa kilomita, mbio zitachukua kama saa 6, na utamaliza kwa saa 15 na dakika 42.

Sasa angalia jambo ambalo karatasi inakuonyesha. Hata ukitembea kilomita zote 42.2, kwa hatua za haraka za kilomita 6 kwa saa, utatumia saa 7 na dakika 2, na utamaliza kwa saa 16 na dakika 44. Unayo nafasi. Lakini anayeshuka kwenye baiskeli akiwa amekwisha hatembei kilomita 6 kwa saa. Hukokota miguu, kilomita 4 kwa saa, na hiyo ni zaidi ya saa 10. Na alipata nini kwa kujikaza? Kilomita 25 kwa saa badala ya 24 kwenye baiskeli humwokolea dakika 18. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kwa hiyo:

Majini, anzia pembeni au nyuma ya kundi, na mita 200 za kwanza ziwe za kutuliza pumzi. Pumzi ikikataa, geuka chali au shika mtumbwi wa waokoaji. Kanuni huruhusu kushika ilimradi hausongi mbele.

Kwenye baiskeli, saa ya kwanza iwe rahisi mpaka uone unachelewa. Mtu wa mfano wetu abaki kwenye mapigo 115 hadi 125, na kilimani asivuke 130. Mwenye kipima nguvu, kile kifaa cha kupima nguvu ya kukanyaga pedali, akae asilimia 60 hadi 70 ya nguvu anayoweza kuishika kwa saa moja. Mapigo yakianza kupanda saa ya tano na mwendo ni uleule, ni joto au upungufu wa maji. Punguza wakati huohuo, kunywa, jimwagie maji kichwani.

Rubavu iko juu ya mita 1,400, na barabara zake zina vilima. Anayetoka Dar au Mombasa ategemee mapigo ya juu kwa mwendo uleule. Fuata pumzi, namba za pwani ziache pwani.

Kwenye mbio, anza dakika nne kwa moja kuanzia kilomita ya kwanza. Hapo ndipo miguu inajidanganya kwamba ni mizima, na watazamaji wanakushangilia. Shikilia mpango. Kama kuna cha kuongeza, kiongeze baada ya kilomita ya 30.

Hiromu Inada wa Japani, aliyezaliwa 1932, aliuanza mchezo huu akiwa na miaka ipatayo 70. Mwaka 2015 kule Hawaii alifika mwisho akiwa amechelewa kwa sekunde chache tu. Akarudi. Mwaka 2018, akiwa na miaka 85, alimaliza akibakiza dakika kama sita. Nikifikiria sekunde zile za 2015, naangalia upya dakika ninazopoteza nikitafuta soksi kwenye eneo la kubadilishia. Pangeni mifuko yenu mapema, wenzangu.

Chakula kinaanza dakika ya 15 ya baiskeli. Gramu 40 hadi 60 za wanga kwa saa zinatosha wengi wetu. Ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25, tende moja kubwa kama 15 hadi 18. Uliyojaribu mazoezini ndiyo ule. Kinywaji kipya utakachokikuta kwenye meza za njiani kiache. Kiu ya mtu mzima huchelewa, kwa hiyo kunywa kwa mpango, lakini usizidishe. Jipime uzito kabla na baada ya safari ndefu: kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Ukirudi mzito kuliko ulivyoondoka, umekunywa kupita kiasi, na maji matupu mengi huzimua chumvi kwenye damu mpaka mtu akapoteza fahamu. Pakiti ya chumvi na sukari ya dukani, iliyochanganywa kwenye lita ya maji, inasaidia upande wa chumvi. Wanga wake ni mdogo, usiuhesabu kama chakula.

Usimeze diclofenac wala ibuprofen siku hiyo. Figo zilizokaushwa na joto hazibebi na dawa hizo.

Hatua ya 8: Wiki za mwisho, na zinazofuata

Wiki tatu kabla, anza kupunguza: robo tatu ya kawaida, kisha nusu, kisha theluthi. Punguza urefu, idadi ya siku ibaki karibu ileile, na vipande vifupi vya mwendo wa mashindano viendelee. Utajisikia mzito na kuhofia kwamba umepoteza kila kitu. Hofu hiyo isikupeleke barabarani kujijaribu.

Ukishamaliza, siku tatu za kutembea tu. Kisha kuogelea kwa raha, kisha baiskeli ya kwenda dukani. Kukimbia kutarudi siku utakayoshuka ngazi bila kushika ukuta, na kuanze kwa dakika 20 za kuchanganya na kutembea. Kwangu, baada ya umbali kamili wa kwanza, siku hiyo ilikuwa ya kumi na tatu.